Salamu za Baba Aliyekwisha Kuzikwa

Kwa kaka yangu Mwenda, Ruiri.

Habari ya nyumbani? Mvua imefika, au bado mnaangalia mawingu yakiwapita? Watoto wako wanaendeleaje na shule? Mimi mwili ni mzima. Nakusalimu kwanza kwa sababu marehemu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu umetulia.

Unajua kazi yangu hapa Italia ni kumtunza mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Macho yake yamekwisha, kwa hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana ananiomba nimsomee shairi refu sana la Waitaliano wa kale. Ni safari ya mtu aliye hai anayepitishwa kwa wafu: kwanza jehanamu, halafu mlima ambao roho zinaupanda zikitakaswa, mwisho mbinguni. Kiitaliano chake ni kigumu na mimi nasoma kama mtoto wa darasa la pili, lakini mzee hunisahihisha kwa subira.

Mwezi uliopita tulifika kwenye ule mlima. Wafu wakigundua kwamba huyu mgeni bado anapumua, wanamzunguka na kumtuma kwa watu wao. Baba mmoja anamwomba aende kwa binti yake, amwambie alipo, ili amwombee. Nikacheka, nikamwambia mzee, "Baba yangu yuko hai, na ananitumia salamu kila Jumapili."

Kila Jumapili nilikupigia, Mwenda. Zamani ulikuwa ukimpa simu, halafu ukaacha. "Baba amelala." "Baba ako kwa ng'ombe, lakini anakusalimia sana." Jumapili moja ukasema Baba anataka nivae vizuri, huku kuna baridi. Nikaenda nikanunua sweta, kwa sababu Baba amesema.

Jumatano yake akanipigia Tata Karimi, shangazi yetu wa Majimbo, kule Embu.

"Kendi, pole. Hii ni wiki ya nne tangu tumzike, na sijasikia sauti yako. Niliambiwa ulinyimwa ruhusa kazini."

"Mlimzika nani, Tata?"

Nikamsikia analia.

Nilipokuuliza, ulisema ulikuwa unanilinda. Makaratasi yangu ya kukaa huku hayajatoka, ningekuja kumzika Baba nisingeweza kurudi. Labda ni kweli. Lakini wa kuamua nilikuwa mimi. Ungeniambia tu, nikae hapa nilie siku mliyomweka ardhini. Nimehesabu, siku hiyo nilikuwa napiga pasi shuka za mzee huku nikiimba.

Mzee aliposikia, alinishika mkono. Akasema katika lile shairi waliosaliti ndugu zao wako chini kabisa, wamegandishwa kwenye barafu. Akauliza kama nataka turudi tusome hapo. Nadhani alitaka kunifariji.

"Wewe ungemweka wapi kaka yako?" akauliza.

"Ruiri," nikamwambia. "Kila akifungua mlango aone kaburi."

Hasira hiyo bado ninayo, sitakuficha. Hata kile kitabu sijakigusa tena. Yule binti alipata wa kumpelekea habari za baba yake. Mimi nilikuwa na wewe.

Sasa nataka kitu kimoja. Usinipigie, najua unavyoongea kwa simu. Andika kwa mkono wako. Baba aliugua siku ngapi? Nani alikuwa kando yake? Aliniuliza? Kama aliniuliza, na yeye pia mkamdanganya kwamba niko njiani, andika. Kama hakuniuliza, andika hivyo hivyo.

Msalimie mke wako. Siku hizo akishika simu alikuwa anaishiwa na maneno, sasa naelewa. Wasalimie watoto, na yule mama jirani aliyekuwa akimsaidia Baba kukama. Tata nimeshaongea naye.

Ni mimi dada yako, na hilo hakuna kati yetu anayeweza kulibadilisha,

Kendi