Ile Tano ku Fiche ya Yaya Bilonda

Dilala, 12 novemba 2017

Mudogo wangu Valérie,

Basi, mu barua iliyopita ile mambo ya bibi-arusi sikumaliza, chauffeur mwenye kubeba barua alipiga klakson. Nitaimaliza. Mu Likasi muko bazima? Batoto banasoma? Siye tuko. Tangu batutoshe mu Kasulo, bakabomoa manyumba juu ya kuchimba minerai chini yake, tunakaa huku kwa shemeji Kazadi, batu kenda mu byumba bibili. Tunacheka tu.

Shida ni paka figo tu. Fiche yangu ya lopitalo ilipotea na nyumba. Infirmier Tshibangu ameandika ingine, iko mu envelope: kodi N18.5. Eti ugonjwa umefika stade ya tano, ya mwisho, niende Lubumbashi ku mashini ya kuchuja damu, nibakie kule kule. Tata Kabeya bwana yangu amekwisha kufunga masanduku. Mama Fifi jirani analia, na mi sijakufa!

We njo unaandikaka bakodi ba magonjwa ku lopitalo. Niende?

Yaya yako


Likasi, 15 novemba

Yaya, jambo sana. Siye bazima.

Usiende! Fiche inasema figo zako zinachuja mililita 48 kwa dakika. 30 mpaka 59 ni stade ya tatu, N18.3. Ya tano ni chini ya 15. Mutu wa 15 ataandika wapi kurasa ine za masengenyo?

Rudia kwa Tshibangu, bapime damu tena. Ulikuwa unamuambia nini akiandika? Dawa ya tension ya damu kila siku, chumvi kidogo SANA.

Mudogo wako


Dilala, 20 novemba

Valérie wangu, uko muzima? Keti chini.

Bamepima: 49. Siendi fasi yoyote!

Kumbe ile siku Tshibangu alikuwa anaandika fiche na liste ya batu benye batoshwa mu Kasulo, na hesabu ya batoto babo, pa meza moja. "Mama, batoto ngapi?" Mi: "Tano." Kiisha nikamupasha habari ya bibi-arusi, akacheka mpaka machozi, akatia tano ku figo, na tatu ya figo ku batoto.

"Mama, ni we ulinipoteza!"

"Mi? Nani alisema 'endelea, endelea'?"

Sasa Tata Kabeya anafungua masanduku, anauliza: "Liste inasema batatu. Babili gani habako bangu?" Mama Fifi amekasirika, machozi yake ya bure.

Ile bibi-arusi sasa, sikia, alikimbia na biatu bya mama-mukwe, kiisha ku barrière ya barabara akakuta—

Eh! Kabeya anaita: "Bilonda! Kazadi anatia chumvi mu mboga yako ya sombe!" Nakimbia.

Yaya