Shati la Prapti Ukutani

Kutoarjo, 9 Novemba 1995

Mdogo wangu Prapti,

Salamu nyingi, nyingi kuliko matairi niliyoziba wiki hii. Ni kumi na tisa, na hakuna hata moja lililorudi linavuja! U mzima? Joto la Semarang linasemaje? Huku sote wazima. Mvua zimeanza, barabara imejaa mashimo, na mashimo ndiyo riziki yangu.

Najua umeshakunja uso. Usiichane barua kwanza. Anwani nimepewa na shangazi yako muuza tempe za soya, baada ya kumzibia tairi la baiskeli mara tatu bure. Mara ya tatu akaniuliza, "Wewe Wasis, tairi hili unalitoboa mwenyewe?" Nikazidi kupiga pampu.

Haya, neno lenyewe: nakupenda. Mwingine angezunguka kurasa nne, mimi nimefika. Na kama bado umenuna kwa ule mzaha wa siku ya matokeo, nisamehe basi. Siku ile nani hakupakwa rangi?

Kaka yako,
Wasis

Semarang, 21 Novemba 1995

Wasis,

Salamu zimefika. Mimi mzima, chuo cha ukunga kinanitoa jasho lakini naendelea.

Kwanza, nimekuzidi miezi minne. Kwetu tunajua mvulana anamwita nani "mdogo wangu": mpenzi wake, na mimi siye.

Pili, huo mzaha. Siku ile wenzangu walikuwa wanaandikiana heri na majina kwenye mashati ya shule, kama kila mwaka. Wewe ulishafukuzwa shule zamani, lakini ulikuja na kopo la rangi ya kupuliza, ukaniandikia mgongoni MALKIA WA CHOO, kwa kuwa baba yangu anaendesha gari la kunyonya vyoo. Nilipita nayo soko zima. Watu walicheka, nikadhani wananipongeza. Nikawapungia mkono, Wasis.

Usichokijua ni hiki. Baba hajui kusoma, na mama aliyejua alishafariki. Baba alikuwa amesikia kwamba wahitimu huandikiana heri. Kabla sijalifua lile shati, alilipeleka kwa fundi akalitia fremu na kioo. Liko sebuleni, juu ya redio, mgongo ukitazama watu. Kila mgeni anaketishwa mbele yake. Wanaojua kusoma wananyamaza. Nami nilishindwa kumwambia, nikakimbilia huku wiki mbili kabla ya chuo kufunguliwa.

Siku ya Idi ukoo mzima utakuja, na watoto wa shule hawajui kunyamaza. Sitaki mapenzi yako. Nataka shati litoke ukutani kabla ya Idi. Na usiliibe.

Dada yako,
Prapti

Kutoarjo, 6 Desemba 1995

Dada Prapti (umeona nilivyo na adabu?),

Hujambo? Mimi sijambo, tena leo natembea kifua mbele. Kazi yako imekwisha!

Nilienda jana alasiri, nimechana nywele. Baba yako, Mzee Darmuji, akanipa kahawa na mihogo ya kukaanga, akanikalisha pale pale mbele ya shati. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Wewe si ulisoma soma kidogo? Nisomee. Kila mgeni hapa anasema amesahau miwani."

Jasho likanitoka, lakini akili yangu unaijua. Nikasoma: "Heri kwa Prapti, nyota ya darasa, baba yako na ajivunie." Mzee akafuta macho. "Rudia." Nikarudia, nikaongeza na "mrembo". Akayakariri yote! Sasa ndugu waje tu. Atawasomea mwenyewe, na nani atathubutu kumbishia mwenye nyumba? Shati halina haja ya kutoka.

Sema kweli, mwingine angeliweza hilo?

Kaka yako,
Wasis

Semarang, 13 Desemba 1995

Wasis,

Sikuulizi hali.

Siku ya Idi baba yangu atasimama mbele ya ukoo, apitishe kidole kwenye neno CHOO, aseme "nyota". Mimi ulifanya nichekwe mgongoni. Yeye umemwandalia kuchekwa usoni.

Usiniandikie mpaka ayasikie maneno yenyewe, kutoka kinywani mwako.

Prapti

Kutoarjo, 5 Februari 1996

Dada Prapti,

Salamu. Natumai mfungo unakwenda vizuri na afya iko salama.

Karibu miezi miwili. Mara tatu nilifika langoni kwenu nikageuka. Mara ya tatu nilimwambia Mzee napita tu natafuta kuku wetu. Hatuna kuku.

Siku mbili kabla ya mfungo niliingia. Nikasema kwa kusimama: "Mzee, nilikudanganya. Pale pameandikwa Malkia wa Choo. Na aliyeandika ni mimi."

Akazima redio. "Choo ni lipi?"

Nikaonyesha.

"Hilo nilidhani ndilo jina la binti yangu," akasema. Heri angenipiga. "Kopo ulilishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Mzee."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo nao."

Basi niko kwenye mpira wa kunyonyea vyoo tangu siku hiyo, asubuhi kwake, mchana kwenye matairi. Nilidhani kazi hii haitaki akili. Kumbe mfuniko wa shimo unaugonga kwanza kwa chuma, unausogeza kidogo, unakaa mbali mpaka hewa mbaya itoke, la sivyo unaanguka humo humo. Siku ya pili nilitaka kukimbia. Siku ya nne wenzangu walinipigia kelele toka kituo cha basi, "Mfalme wa choo!" Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Nikalimeza. Mzee akaniambia, "Funga mpira, unavuja." Hayo tu.

Tukimaliza namfundisha herufi. Ana kichwa chepesi kuliko changu.

Lakini dada, nimeshindwa. Shati bado liko ukutani. Nimemwomba aliteremshe, amekataa. Anasema, "Si langu, wala si lako. Mwenyewe aje." Idi iko karibu. Sina ujanja mwingine.

Mdogo wako,
Wasis

Semarang, 10 Februari 1996

Wasis,

Mimi mzima, nafunga. Nashukuru kwa barua. Nimeisoma mara mbili.

Jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka mitatu yote ya sekondari nilimwambia baba aniteremshe kwenye kona ya msikiti, mbali na shule, eti napenda kutembea. Alikuwa anageuza gari bila kuuliza. Ulipokuja na kopo lako, mimi nilikuwa nimeshayaandika maneno hayo moyoni mwangu zamani. Ndiyo maana sikuweza kumwambia kilichoandikwa. Nilikuwa namkimbia yeye, si shati.

Nitafika Jumapili ijayo, tarehe kumi na nane, kwa treni ya saa tisa alasiri. Shati nitaliteremsha mimi, baada ya kumwambia haya niliyokuandikia.

Lile neno la barua yako ya kwanza, jibu ni hapana. Ukitaka kuliuliza tena, uliza mwakani, na uache kutoboa matairi ya shangazi.

Mwambie baba aje kunipokea na gari lenyewe. Aegeshe mbele kabisa, penye watu, mlango mkuu. Kama atataka kuegesha nyuma ya stesheni kwa ajili yangu, umkatalie.

Binti wa Mzee Darmuji,
Prapti