Pipa la Zahanati na Nyuki wa Kisimani

Baba yangu,

Nimekaa dukani kwako tangu asubuhi na sijafanya kitu. Kuna baiskeli mbili za watu nimezipindua magurudumu juu, wenyewe wamepita kuuliza, nimewaambia kesho. Nimesimama, nimekaa, nimefagia palipokwisha fagiwa. Ungekuwepo ungesema, "Wewe mtoto, keti, unanitia kizunguzungu." Basi nimeketi, nakuandikia. Na barua hii siitii kwenye bahasha. Nimemwomba mtendaji wa kijiji aisome kesho mbele ya watu, kwa hiyo ukiona humu kuna la kukuaibisha, ujue nimekusudia.

Nianze na mazuri, maana ni mengi, na sitaki mtu adhani nimekuja kukusema tu. Wewe ulikuwa fundi baiskeli mwenye banda la mabati mkabala na reli, basi. Hukuajiriwa na mtu. Lakini pampu ya mkono kule bondeni, pale tunapoambiwa wapagazi wa misafara walitua mizigo wanywe kabla ya kuingia Unyanyembe, ilikuwa inaishi kwa mikono yako. Pampu ni ya serikali, na fundi wa serikali alikuwa na gari moja la kuzungukia vijiji vyote. Ikiharibika leo, yeye anafika baada ya mwezi, na si kwa ubaya wake. Wewe ulikuwa unafika kabla ndoo hazijapangwa.

Nakuona umepiga magoti pale kwenye zege, mkono umenyooshwa nyuma bila kugeuka. "Kumi na saba." Nakupa spana kumi na saba. "Hii kumi na tisa." Nakupa tena, na hunitanii mpaka kazi iishe. Kile kikombe cha ngozi kinachovuta maji kikichakaa, ulikuwa unakata kingine kwenye ngozi ya ng'ombe, unakiloweka kwenye nta ya nyuki mpaka kinalainika, unakirudisha. Nta ulikuwa unaifuata Usinge, kwa warina asali wa msituni, kwa sababu hukuiamini ya sokoni. Mtu mmoja wa halmashauri aliwahi kukuuliza ni nani aliyekuruhusu kufungua mali ya umma. Ukamjibu kwa heshima zote: "Mzee, nikingoja ruhusa, mama watoto atapikia nini?" Akacheka. Akanywa maji, akaondoka.

Siku hizi watu wanalisema jambo hili kwenye mikutano kana kwamba limegunduliwa juzi. Wafanyabiashara wadogo wanaboresha huduma za jamii. Naam. Mama lishe anayepeleka uji zahanati wagonjwa wasilale na njaa, hajaanza juzi. Seremala aliyetengeneza vitanda vya wazazi kwa mbao zake mwenyewe, hajaanza juzi. Tofauti ni kwamba sasa tunaandikishwa kikundi, tunapewa kazi kwa karatasi, na mimi binti yako ndiye mwenyekiti. Ungelicheka hilo.

Sasa nije kwenye nyuki.

Nilikuwa darasa la sita, kiangazi kirefu kile, nta ikakuishia. Pampu ilikuwa inatoa hewa tupu na foleni ya ndoo imefika barabarani. Ukanunua masega kwa mrina asali aliyekuwa anapita, ukayayeyusha kwenye sufuria ya mama, na kwa haraka yako hukuyachuja. Ngozi ukailoweka humo humo. Mabaki ukayapaka kwenye mnyororo na mpini wa pampu ili usipige kelele. Hakuna mtu wa Tabora asiyejua nyuki wa kiangazi wanavyohangaikia maji. Wewe ukawatengea maji na asali mahali pamoja.

Asubuhi yake pampu ilikuwa nyeusi kwa nyuki. Wanawake walitupa ndoo wakakimbia, watoto waliumwa nyuso zikavimba. Mtu mmoja tu hakuumwa. Mama Kalunde, mjane wa nyumba ya mwisho, alikuwa wa kwanza kisimani kama kawaida yake, na marehemu mumewe alikuwa mrina asali. Alijua kutulia. Alisimama wima nyuki wakimtembea mikononi, akarudi nyuma polepole, akaondoka mzima.

Kosa lake likawa hilo, kwamba hakuumwa. Mchana ule ule ulikwenda ukaiosha pampu kwa maji ya moto na majivu, na walipokuuliza ukasema, "Nafanya marekebisho." Jioni nyuki walikuwa wameondoka, na kijiji kilikuwa kimeshaamua nani aliwatuma. Hakuna aliyempiga Mama Kalunde wala aliyemtukana. Waliacha tu kumsalimia. Akifika kisimani, foleni inasogea mbali naye. Kabla ya mvua alifunga mzigo wake akaenda kwa kaka yake, Usinge.

Mimi haya yote sikuyajua. Uliniambia mwezi wako wa mwisho, umelala, nakulisha uji kwa kijiko. "Ile nta ilikuwa yangu," ukasema. Nikadhani homa inaongea. Ukanieleza yote, na la kuniumiza zaidi ukaliweka mwisho: kwamba ulipokuwa unakwenda Usinge kufuata nta, ulikutana naye. Kila ulipopita alikuita ndani, akakutengea matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na karanga, akakuuliza, "Pampu yetu inaendeleaje?" Ukamwambia inaendelea vizuri. Ukala, ukashukuru, ukapanda baiskeli.

Nilikuuliza kwa nini hukusema. Ukajibu, "Wangeacha kuniita. Na wasingeniita mimi, wangemwita nani?"

Nimekukasirikia, Baba. Nilikukasirikia nikiwa nakuosha miguu, na nilikukasirikia siku ya kukuzika, huku natoa machozi ya kweli kabisa. Nilikuwa najisemea moyoni kwamba mimi nisingeweza, mimi ningesema siku ile ile. Nilijiona mtu safi sana.

Haya. Nisikilize mimi sasa.

Kikundi chetu kilipewa kazi ya kuvuna maji ya mvua zahanati. Nikafunga mifereji kuzunguka bati lote, nikaweka tangi jipya la wagonjwa. Chumba cha wazazi kikabaki, na nesi Modesta, ambaye unamkumbuka kwa ukali wake, akaniomba maji ya bomba humo ndani, amechoka kuwaacha wazazi akafuate ndoo. Nikanunua pipa la buluu la plastiki huko Tabora mjini. Muuzaji akasema lilikuwa la mafuta ya kula. Nikalisugua kwa sabuni na majivu, nikalinusa, nikaliinua ukutani, nikaunga bomba. Modesta alipofungua koki ya kwanza alinawa mikono mpaka viwikoni, akanicheka kwa furaha. Mtoto wa kwanza kuogeshwa kwa maji yale ni mjukuu wako, mtoto wa mdogo wangu Vero. Wamempa jina lako.

Juzi nilirudi mjini kununua pipa la pili. Yule muuzaji alikuwa hajamaliza kazi yake. Nilimkuta anakwangua karatasi kwenye mapipa ya buluu kama langu, na chini ya kisu chake kuna picha ya fuvu. Ni mapipa ya dawa ya kunyunyizia tumbaku. Nikamuuliza, na lile langu? Akasema, "Dada, mimi nitakumbuka lipi na lipi?"

Sijui nilifikaje kijijini. Nilikwenda moja kwa moja zahanati na spana mkononi, nikamwambia Modesta nafunga maji ya chumba cha wazazi. Akauliza kuna nini. Wageni wa halmashauri wanakuja kesho hii kuona kazi yetu, wakiridhika tunapewa zahanati zote za kata. Wenzangu wanne wamekaa wanasubiri hilo. Mdomo wangu ukafunguka, na neno lililotoka lilikuwa lako. Nikasema, "Nafanya marekebisho."

Na Modesta akafanya ambalo mtu yeyote wa huku angefanya akiambiwa maji yanafungwa. Alisema, "Ngoja kwanza nijaze ndoo."

Akajaza ndoo nne. Nilisimama pale nikamtazama. Ndoo ya kwanza, ya pili, anazifunika kwa uangalifu, anazipanga chini ya kitanda cha kujifungulia. Nilikuwa na muda wa kusema mara nne. Alipomaliza nikafunga koki, nikaaga, nikapanda baiskeli.

Nilifika kwenye tuta la reli. Nikageuza, nikarudi mbio, nikaingia chumba cha wazazi bila hodi, nikazipiga ndoo zile teke moja moja, maji yakajaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya Modesta. Alidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia. Nilimwambia yote, la muuzaji, la fuvu, la wageni, la uoga wangu.

Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alikaa kitandani akahesabu kwa vidole watoto aliowaogesha, watatu, na wa Vero ndiye wa kwanza. Kisha akasema, "Dakika tano zilizopita ulikuwa unajua, ukaniacha nijaze." Akachukua simu yake.

Watoto wote watatu wamekwenda mjini, wameangaliwa, mpaka sasa hawana kitu. Maji ya pipa yamechukuliwa kwenye chupa, majibu hayajatoka. Labda ni mafuta ya kula kweli. Hilo ndilo linalonikosesha utulivu, Baba, kwamba linaweza kuwa pipa safi kabisa, na bado mimi nimeshajijua ni mtu wa namna gani. Vero amenitazama, akamfunika mtoto.

Mtendaji ameniambia nifikirie vizuri. Amesema tungeweza kuondoa pipa kimya kimya, wageni waone tangi kubwa na mifereji, kazi ambayo ni nzuri kweli, na kikundi kisiharibikiwe. Nikamjibu kwamba watu wanatuita sisi wa mabandani kwa sababu tuko karibu na tunafika haraka, na hakuna anayetukagua. Hiyo haraka yetu ndiyo iliyowaponya kiu, na hiyo hiyo ndiyo iliyoleta nyuki na pipa. Tukianza kufichana, tofauti yetu na yule anayekwangua karatasi mjini ni nini? Amekubali kusoma barua.

Kwa hiyo mnaosikiliza, pipa niliweka mimi. Wenzangu wa kikundi hawakujua, wapeni kazi hata kama mimi mtanitoa. Na nyuki wa kiangazi kile hawakutumwa na mtu. Walifuata asali aliyoipaka baba yangu kwa mkono wake, naye alijua, akanyamaza, mkamnyima mwanamke salamu mpaka akahama. Baadhi yenu mko hapo mmekaa. Nyote mlikunywa maji ya pampu aliyoitengeneza baba, nami nampenda, na hilo nalo ni kweli.

Leo asubuhi, kabla sijaketi kukuandikia, nilimpigia simu mpwa wa Mama Kalunde. Nilitaka asiyasikie haya kwa watu wengine. Bibi yuko hai, macho tu ndiyo yamepungua. Nikamsikia mpwa wake akimweleza polepole, kwa Kinyamwezi, kwamba ni binti wa fundi baiskeli, anaomba radhi kuhusu nyuki, kwamba ilikuwa nta ya baba yake haikuchujwa.

Kisha bibi akaomba apewe simu mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba vizuri tu. Akasema, "Mwanangu, mimi mke wa mrina asali. Niliinusa siku ile ile, mikono yangu ikiwa kwenye mpini. Mwambie baba yako nilijua. Mwambie kila alipokuja hapa nilikuwa namtengea chakula ili akae kidogo, labda atasema."

Hajui kwamba umefariki. Sikuweza kumwambia. Nilisema, "Nitamwambia, mama."

Basi nimekuambia.

Binti yako mkubwa,
dukani kwako.