Tairi Linalojiponya

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Lori la majani ya chai limefungwa matairi mapya. Ndani yana utomvu. Msumari ukitoboa, tundu linajiziba lenyewe. Msimamizi alipigilia msumari kwenye tairi la nyuma mbele yetu, akauchomoa. Upepo haukutoka. Tukampigia makofi. Kisha akashusha tairi la akiba na jeki, vikaenda stoo. Eti uzito wa bure. Mimi utingo mwaka wa tisa. Sijapenda.

Alhamisi, 6 Machi
Jiwe la njia ya Masoko limechana ubavu wa tairi la nyuma. Si tundu la msumari. Mchano, urefu wa kidole. Nikautemea mate kuona kama upepo unatoka, kama kawaida yangu. Yakatoa povu. Nikamwita msimamizi. Akayatazama mate, tairi hakulitazama.
"We Muha, acha uchafu. Hilo linajiponya. Lipe muda."
Lipe muda! Kama kidonda cha mtoto.

Ijumaa, 7 Machi
Povu bado. Dereva kaliona, kanyamaza. Ana watoto sita. Wachumaji wa chai wakipanda, mmoja wao, mama Subilaga, akaniuliza, "Mwanangu, limepona?"
Nikasema limepona.
Nimekula ugali jioni, hauna ladha. Najinukia uongo.

Jumamosi, 8 Machi
Limepasuka mteremkoni, wanawake wakiwa juu ya magunia. Niliruka na gogo la kuzuia gurudumu. Nilichelewa. Lori likalala mtaroni. Wengine michubuko. Mama Subilaga mguu umevunjika mara mbili.
Msimamizi alipofika alikwenda kwanza kwenye tairi. Akapiga picha pale alipopigilia msumari wake. "Mnaona? Hapa paliziba vizuri."
Nikamwacha, nikarudi kwa mama Subilaga.

Jumatatu, 10 Machi
Ofisini wameandika ripoti kwamba utingo hakukagua. Wanataka sahihi yangu. Nimeandika chini yake, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano: Nilikagua. Povu lilitoka. Nilimwambia msimamizi. Halafu niliwadanganya abiria.
Nimefukuzwa kabla wino haujakauka.

Jumatano, 12 Machi
Hospitali. Nimempelekea mama Subilaga ndizi. Mtu wa Kibondo, nampelekea Mnyakyusa ndizi, na kwao zimejaa! Akacheka kidogo, akashika mguu.
Nikamwambia nilimdanganya.
"Nilijua. Nilikuona ukitema mate, ukafuta povu kwa mkono."
"Sasa mbona ulipanda, mama?"
"Na wewe si ulipanda?"
Nikamenya ndizi. Akasema ndaga, asante ya kwao. Akala nusu, nusu akanirudishia.
Basi la kwetu Kigoma ni kesho asubuhi. Mvua imepungua.