Besi Iliyochelewa Kuingia

Baba yangu,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapa, kana kwamba unaitikia.

Kesho asubuhi natakiwa kukabidhi wimbo wa kwaya yenu kwa mwalimu wangu wa chuo. Ni ule tuliorekodi kanisani Buzuruga, miezi miwili kabla hujatutoka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kila sauti ikirekodiwa peke yake, kwenye mstari wake, kuzichanganya baadaye ni rahisi. Basi nikawaingiza kwenye chumba cha sakristia mmoja mmoja, hedifoni masikioni, mfuatishe kinanda.

Ulikuja na shati lako la Jumapili, nayo ilikuwa Jumamosi.

"Baba, hatupigi picha."

"Sauti nayo inajua imevaa nini," ukanijibu.

Ukaimba, ukachelewa kuingia. Tukarudia, ukachelewa tena. Mara ya tano nikasema, wenzako wakiwa mlangoni, "Baba, miaka yote hii kwenye kwaya bado hujui pa kuingilia?" Wakacheka. Wewe ukavua hedifoni, ukaigeuzageuza mkononi.

"Hiki kidude chako hakinijui, Kabula."

Nikadhani unatania.

Wiki iliyopita mwalimu alisikiliza kazi yangu. "Huyu besi anawakokota wenzake," akasema. "Msogeze, la sivyo utarudia somo." Ni kazi ndogo, baba. Kwenye kompyuta sauti yako ni mstari wenye vilima. Nikavishika kimoja kimoja, nikavisogeza mbele mpaka vikalingana na vya wengine. Wimbo ukatulia. Nikaona fahari, nikampelekea mama nyumbani Nyakato.

Alisikiliza huku anachambua dagaa. Ulipoisha akauliza, "Mbona baba yako hayumo?"

"Yumo, mama. Nimemrekebisha tu, alikuwa anachelewa."

Akaweka ungo chini. "Alikuwa hasikii vizuri, mwanangu. Mashine za kiwandani zilimmaliza masikio. Kwenye kwaya alikuwa anautazama mdomo wa mzee Masanja, besi mwenzake. Ukifunguka, naye anaingia. Alinikataza nisikuambie. Alisema, 'Binti yangu anasomea sauti, nitamwambiaje sisikii?'"

Nami nilikufungia chumbani peke yako, baba, bila mdomo wa kutazama. Halafu nikakufanya kichekesho kwa wenzako.

Leo nimekurudisha mahali pako, neno kwa neno. Kila ubeti wenzako wanatangulia, nawe unafika nyuma yao kidogo. Mama amesikiliza, akaomba nirudie. Huo ndio nitakaokabidhi. Naogopa kurudia somo, sikufichi, maana mwalimu hatanii, na wimbo wenyewe bado unanisumbua masikio. Anayefahamu muziki atasema besi imechelewa, na atakuwa amesema kweli.

Lakini kinachonikosesha amani si alama. Nilipousikiliza mstari wako peke yake hadi mwisho, wimbo umeshaisha, nilisikia sauti yangu kwa mbali: "Basi, inatosha, toka." Kisha yako, ya upole: "Unasemaje, mwanangu?" Sikukujibu, nilikuwa nakunja waya.

Nasema nisamehe, baba. Safari hii nimeandika, usihangaike kusikia.

Mwanao wa mwisho,
Kabula