Kigari Kilichombeba Baba

Nabwire mjukuu wangu,

Hapa Namboboto tu wazima, na kuku wako ametotoa. Unasema unataka kununua gari, lakini wenzako wanacheka vigari vidogo. Wacha wacheke! Hadhi haiendeshi gari.

Nilipokuwa msichana tulimtoa baba mochari Malaba, azikwe kabla jua halijatua. Kaka yangu Ojiambo alikataa kigari cha jirani: "Mzee abebwe kama kuku?" Akaazima gari kubwa. Katikati ya foleni ya malori ya mpakani, moshi umetanda kama ukungu, likazima. Madereva wakavua kofia. Shangazi, kwa desturi yetu, akaligonga jeneza: "Ndugu yangu, umemkasirikia nani? Twende nyumbani."

Jirani, aliyekuwa akitufuata, akatia kijiti kwenye tangi. Kikatoka kikavu. Petroli yote ilikuwa imenywewa na foleni.

Tukalifunga jeneza juu ya kigari chake. Kikawaka mara moja, kikapenya kando ya malori, na jua lilikuwa bado juu tulipofika kaburini. Shangazi akagonga tena: "Sasa umeridhika?"

Kutoka ndani, kukagongwa.

Mimi hubishana hata na askofu, lakini hilo sikulibishia. Nunua kigari kidogo.

Bibi yako, Kukhu