Upepo Uliosomwa Kinyume

Jumatatu, 4 Novemba
Kituo cha hali ya hewa, Garissa. Chai, kisha kupangusa vumbi kwenye skrini. Bosi anataka rada ione mbali, mpaka Habaswein kule kaskazini na kupita. Nimepunguza mapigo ya mawimbi inayotuma kila sekunde. Sasa inaona mbali. Nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine.

Jumanne, 5 Novemba
Wingu zito kaskazini. Rada inasema linakuja huku kwetu. Nimeangalia mara moja tu. Abti Gedi, kaka yake mama, amepiga simu kutoka Habaswein. Amelaza ngamia ndani ya laga, ule mto mkavu. Sahan wake, mtu anayetumwa mbele kutafuta mvua, amerudi akisema wahame, mvua itashukia hapo. Nikamwambia, "Abti, kaa hapo hapo. Mvua inakuja kwetu." Akaniamini. Mtoto wa dada yake, anasema, amesoma. Nimeanua nguo mapema.

Jumatano, 6 Novemba
Garissa hata tone. Habaswein laga imefurika tangu alfajiri. Simu ya Abti haipatikani.

Alhamisi, 7 Novemba
Bado haipatikani. Nimefungua data za Jumanne. Mapigo yalikuwa machache mno kwa upepo wa kasi ile. Kati ya pigo na pigo upepo ulisogea mbali kuliko kompyuta inavyoweza kutambua, ikaugeuza. Ulikuwa unakwenda Habaswein, ikasema unakuja Garissa. Kama gurudumu la bodaboda kwenye video, linavyoonekana kurudi nyuma. Nilisomea hili. Nilifanyia mtihani. Mjinga mimi.

Mama ameuliza nilimwambia nini kaka yake. Nimemwambia. Akaingia kuswali.

Ijumaa, 8 Novemba
Yu hai. Sahan alimvuta wakapanda mgunga, wakakaa humo mpaka maji yakapungua. Ngamia kumi na mmoja wamekwenda na maji. Nimelia kazini mbele ya watu. Nimerudisha mapigo yalivyokuwa, nikamweleza bosi kila kitu.

Jumapili, 10 Novemba
Zamu yangu. Abti amepiga kwa simu ya kuazima. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu, akiniita Abti kama ninavyomwita yeye, "Abti, leo upepo unaelekea wapi?"

Rada ilikuwa mbele yangu, mapigo sawa, picha safi. Nikamuuliza kwanza sahan amesema nini.